Kipeo juu ya kipeo: zidisha, usijumlishe

Ukisahihisha madaftari ya kidato cha pili, kuna jibu utakalokutana nalo tena na tena: (2³)⁴ = 2⁷. Nafundisha hesabu hapa Kasese, na naamini kosa hili haliondoki kwa kukariri kanuni. Linaondoka mwanafunzi akiyafungua mabano kwa mkono wake mwenyewe. Chukua kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Anza na kipeo cha nje. Hiyo 4 inakuagiza uandike kilichomo ndani ya mabano mara nne, uzidishe:

2³ × 2³ × 2³ × 2³

Hatua ya 2: Hesabu 2 imejitokeza mara ngapi. Kila fungu limeibeba mara tatu, na mafungu ni manne. Tatu mara nne ni 12, basi jibu ni 2¹², yaani 4,096. Linganisha na 2⁷, ambayo ni 128 tu! Kujumlisha vipeo kuna mahali pake: 2³ × 2⁴, ambapo mara tatu inaungana na mara nne, zinakuwa saba. Ziandike hesabu hizi mbili bega kwa bega hadi tofauti yake ikukae. Baada ya hapo ndipo kanuni ina maana:

(aᵐ)ⁿ = aᵐⁿ

Hatua ya 3: Kipeo cha nje kinagusa kila kinachozidishwa ndani. Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea. (3x²)³ si 3x⁶, wala si 9x⁶. Ile 3 nayo inapandishwa: 3³ ni 27, jibu ni 27x⁶. Alama ya hasi pia haiachwi nyuma: (−2x³)⁴ = 16x¹², lakini (−2x³)³ = −8x⁹. Angalia kama kipeo cha nje ni shufwa au witiri kabla ya kuandika alama.

Nimesema kinachozidishwa. Ndani kukiwa na kujumlisha, kanuni hii haifanyi kazi. (x + 3)² ni (x + 3)(x + 3), yaani x² + 6x + 9. Anayeandika x² + 9 amekosa.

Hatua ya 4: Vipeo hasi na vya sehemu. Hakuna jipya, zidisha tu. (5⁻²)³ = 5⁻⁶, na (5⁻²)⁻³ = 5⁶.

Hatua ya 5: Itumie kwenye vipimo. Kilomita moja ni mita 10³. Kilomita moja ya mraba je? Wengi hujibu mita za mraba elfu moja. Sivyo: ni (10³)², yaani 10⁶, milioni nzima. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, au 6.88 × 10⁴. Kwa mita za mraba:

6.88 × 10⁴ × (10³)² = 6.88 × 10⁴ × 10⁶ = 6.88 × 10¹⁰

Kwenye mstari huo mmoja tumezidisha vipeo vya mabano, kisha tukajumlisha vya nje. Napenda sana mfano huu kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Tafuta x. Kwa 8ˣ = 32, usikimbilie kalkuleta. Geuza pande zote ziwe vipeo vya 2: (2³)ˣ = 2⁵, kwa hiyo 3x = 5, na x = 5/3.

Sasa jaribu mwenyewe: 9ˣ⁺¹ = 27. Kipeo cha nje ni x + 1 kizima, kwa hiyo kiwekee mabano unapozidisha: 2(x + 1) = 3. Ukipata x = 1/2, umepatia. Ukipata x = 1, umezidisha x peke yake ukaiacha ile 1.