Corolla ya zamani haiwaki: pima kwanza kabla hujang'oa pampu

Gari likigoma kuwaka huku stata inazunguka vizuri, pampu ya mafuta ndiyo hushtakiwa kwanza. Naletewa gari zenye pampu mpya na ugonjwa ule ule. Hapa nazungumzia Corolla za modeli AE100 na AE110 zenye injini ya 5A-FE, zile za distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi).

Kosa huanzia kwenye swichi ya ufunguo. Mtu anaweka ON, anatega sikio kwenye kiti cha nyuma, hasikii mlio, basi pampu imekufa. Kwenye gari hizi pampu haipewi umeme kwa ON peke yake. Hupewa stata inapozunguka, kisha injini ikishawaka. Ukimya ule ni wa kawaida kabisa.

Hatua ya 1: Uliza plagi. Usiuamini mshale wa mafuta. Ongeza lita chache. Piga selfu (zungusha stata) mara kadhaa, kisha fungua plagi. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, kwa hiyo geukia cheche na mkanda wa taimingi. Ikiwa kavu, na cheche umehakikisha ipo, endelea.

Hatua ya 2: Washa pampu bila selfu. Fanyia kazi mahali penye hewa, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, sigara iwe mbali. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Unganisha +B na FP kwa kipande cha waya, kisha weka swichi ON. Soma ramani mara mbili, maana tundu lisilo lake linaweza kukuunguzia kitu cha bei kuliko pampu.

Sasa sikiliza. Pampu ikivuma, shika mpira unaotoka kwenye filta: utausikia umekaza. Pampu ikivuma hapa lakini ikinyamaza unapopiga selfu, ni nzima. Tafuta rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoipa pampu moto, na waya zinazoiamrisha. Kuna dalili moja naipenda kwa sababu inasema yenyewe: injini inashika wakati wa selfu, ukiachia ufunguo tu inazima. Rilei ile huamrishwa kwa njia mbili, moja ya stata na nyingine ya kontrol boksi (kompyuta ya injini). Hapo ya stata inafanya kazi, basi shuku ya pili, pamoja na swichi yenyewe.

Isipovuma, bado usinunue. Angalia fyuzi iliyoandikwa EFI, kisha inua kiti cha nyuma upime kwenye soketi ya pampu kwa testa. Umeme ukiwepo, pima na eathi pia. Waya wa eathi ulioshika kutu umewahi kufanya pampu nyingi zisizo na kosa zitupwe. Vyote viwili vikiwepo na pampu kimya, hapo ndipo ina hatia.

Hatua ya 3: Presha. Pampu kuvuma si kusukuma. Funga geji ya presha ya mafuta, chomoa mpira wa vakyumu kwenye regulata (kifaa kinachodhibiti presha hiyo), uuzibe. Unataka psi 38 hadi 44. Ikiwa chini, bana kidogo mpira wa kurudisha mafuta tangini: presha ikipanda, regulata inavujisha, isipopanda, anza na filta, ndiyo rahisi. Na ule mpira wa vakyumu ukinuka petroli, ngozi ya ndani ya regulata imepasuka.

Hatua ya 4: Nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini. Presha ipo, plagi kavu? Weka bisibisi ndefu juu ya nozeli, sikio kwenye mpini, mwenzako apige selfu. Usikie "tik tik". Zikinyamaza zote nne, tatizo ni umeme wake, si uchafu.

Ukimaliza, chota petroli ya tangini kwenye chupa safi na uiache itulie. Maji hukaa chini. Ukiyaona, mwaga yote na usafishe tangi kabla ya kufunga filta mpya.