Tafuta Mwiba Kabla ya Kubandika Kiraka

Baiskeli iliyozibwa pancha jana, kisha asubuhi ikakutwa haina upepo tena, mara nyingi haina tyubu mbovu. Kilichoitoboa bado kimo ndani ya tairi. Katika maeneo yenye migunga mingi, kama Dodoma na Singida, ncha ya mwiba hukatikia ndani ya mpira na kwa nje haionekani.

Kabla ya kuitoa tyubu, weka alama ya chaki kwenye tairi mahali inapokaa valvu. Ijaze tyubu upepo, izamishe kwenye beseni la maji, na ukishaona mapovu yanakotokea, ilaze juu ya tairi huku valvu ikielekea alama ile: tundu litakuonyesha sehemu ya kukagua. Iwapo huna hakika kwamba hukuigeuza tyubu, kagua pande zote mbili za valvu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi badala ya vidole, kwa kuwa nyuzi zake zitanasa kwenye mwiba au kipande cha waya, nawe hutachomwa.

Tundu likiwa upande unaogusa ringi, mshukiwa ni ncha ya spoku, na ukanda wa mpira unaoifunika ubadilishwe (mafundi wengi hukata tyubu kuukuu, na inafaa kabisa). Matundu mawili yaliyokaa sambamba kwa kawaida hutokana na kupakia mzigo mzito huku upepo ukiwa mdogo, hata tyubu ikabanwa na ringi gurudumu linapoingia shimoni. Hapo kinachohitajika ni pampu.