Somo: Jinsi ya kulinganisha elementi za magamba, membamba na manene, kabla hujaiamini hata moja

Wakuu, swali la "nitumie elementi gani ya gamba?" nimelijibu vipande vipande hadi nimechoka. Leo naliandika lote. (Elementi ni vipande vidogo ambavyo programu hugawanya muundo ili kuukokotoa; vinaungana kwenye pointi ziitwazo nodi, na mpangilio wake wote ndio meshi. Gamba ni muundo wenye unene mdogo kulingana na upana wake, kama paa lililopinda.) Atakayeuliza tena namleta hapa.

1. Chukua paa la Scordelis-Lo, mtihani wa kawaida wa paa lililopinda kama kipande cha silinda, maana jibu lake linajulikana: nusu kipenyo 25, urefu 50, unene 0.25, pembe 40° kila upande wa kilele, E (ukaidi wa mata) 4.32×10⁸, uwiano wa Poisson (kiasi mata inavyosinyaa pembeni ikivutwa) 0, uzito 90 kwa kila kipimo kimoja cha eneo.

2. Chora robo tu, weka masharti ya ulinganifu.

3. Funga mwisho wenye diafragmu, yaani ukuta mwembamba unaoshikilia umbo la mwisho wa paa. TULIENI HAPA. Diafragmu inazuia gamba lisiende pembeni wala wima, lakini kuelekea urefu wa paa linabaki huru. Mimi niliwahi kufunga pande zote tatu, nikiona "mwisho umeshikiliwa, basi ushikiliwe". Mshuko uligoma kufika kwenye jibu linalojulikana hata kwa meshi ya 32×32. Nikazilaumu elementi, nikabadilisha programu, wiki mbili zikapotea. Kosa hili halitoi onyo lolote, na mchoro wa mgeuko unapendeza kabisa. Ukiona elementi zako zote, nzuri na mbaya, zinakusanyika kwenye jibu moja lililo chini, rudi kwenye masharti ya mwisho kabla hujagusa kingine.

4. Jumlisha nguvu wima za egemeo. Kwa robo lazima upate 39,270. Usipopata, usiendelee.

5. Endesha 4×4, 8×8, 16×16. Soma mshuko katikati ya ukingo ulio huru: 0.3024. Linganisha kwa idadi ya nodi, si ya elementi. Elementi ya nodi nane imebeba nodi nyingi zaidi, si haki kuisifu bure.

6. Kwa unene, tumia bamba la mraba lililoegemezwa tu kwenye kingo zote nne, lenye mzigo sawasawa, Poisson 0.3. Bamba jembamba mshuko wa katikati ni 0.00406 qa⁴/D (q ni mzigo, a ni upande, D ni ukaidi wa bamba wa kupinda). Unene ukiwa 1/10 ya upande ni 0.00427, ukiwa 1/5 ni 0.00490. Kwenye kingo zuia pia mzunguko wa mhimili unaokatiza ukingo, la sivyo namba hazitafika. Elementi ya Kirchhoff (ya nadharia ya bamba jembamba) itabaki 0.00406 hata uikate meshi vipi, kwa kuwa haijui mkato, yaani tabaka za unene kutelezeana.

MASWALI

— Mkuu, kwa kifupi ipi ndiyo bora?

Soma hatua ya 5 na ya 6.

— Nimesoma, ila nina haraka, mradi unadaiwa kesho.

Basi hata namba zako za kesho hazijapimwa. Mtihani huu ni wa jioni moja.

— Kaka, samahani, kwa nini elementi ya nodi nne yenye intigresheni kamili (inayokokotolewa kwa pointi zote za Gauss, si moja) inakuwa ngumu gamba likiwa jembamba? Nimeiona mwenyewe, nikadhani nimekosea unene.

Hukukosea, dada. Ukaidi wa kupinda unafuata kipeo cha tatu cha unene (t³), wa mkato unafuata t. Ukipunguza unene mara 10, mkato unakuwa mzito mara 100 ukilinganisha na kupinda. Elementi yenye pande nyoofu haiwezi kupinda bila kuzua mkato wa uongo, kwa hiyo huo wa uongo unameza kila kitu. Dvorkin na Bathe mwaka 1984 waliupima mkato katikati ya kingo, mahali ambapo uongo huo haupo. Elementi hiyo ya nodi nne ndiyo MITC4. Jaribu bamba lilelile kwa unene 1/10, 1/100, 1/1000, utaiona ile ya intigresheni kamili ikijifunga hatua kwa hatua.

— Si nitumie pointi moja tu ya Gauss?

Inasaidia, ila nodi zinaweza kucheza zigizaga bila nishati yoyote. Kagua nishati ambayo programu inatumia kudhibiti zigizaga hiyo. Ikikaribia ile ya mgeuko, matokeo hayafai.

— Nyongeza: kabla ya kuweka presha, washa mishale ya nomali (inayoonyesha uso wa kila elementi unatazama wapi). Elementi moja ikigeuka, mzigo wake unasukuma upande wa pili.

Asante sana mdau. Na ukisoma stresi za juu na chini, mishale hiyohiyo ndiyo inayoamua juu ni upande upi.