Ukienda Gombe kwa boti za Kibirizi

Ndugu zangu mnaopanga kwenda kuona sokwe Gombe, hifadhi ipo kaskazini ya mji wa Kigoma, kama kilomita 16, na haina barabara. Ni ziwani tu. Ukichukua boti ya abiria pale Kibirizi, ufukweni karibu na mji huo, usipande kabla hujapewa jaketi okozi, nawe livae, usilikalie. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na boti ikijaa magunia na watu, wimbi dogo tu linakulowesha. Kipindi cha upepo wa kusini, Mei hadi Agosti, ongeza umakini: nahodha akisema tusubiri, subirini. Simu na nguo zifungie kwenye mfuko usiopitisha maji. Vaa kofia pia, maana boti nyingi hazina paa.

La mwisho naliomba sana. Ukiwa na mafua au kikohozi, ahirisha safari. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na hufa kwayo. Hata ukiwa mzima, vaa barakoa na ukae mita 10 kutoka walipo, hata kama sokwe mwenyewe anakusogelea. Rudi nyuma taratibu.