Unaenda Tanga na watoto? Angalia maji kwanza ndo upange siku

Watu wengi wakipeleka familia Tanga wanarudi wanalalamika, eti mji umelala, bahari yenyewe matope tupu. Bahari haina shida, wewe ulienda maji yamekupwa basi. Tanga ukienda kichwa kichwa utaishia kukaa hotelini unaangalia tivii na watoto wanagombania rimoti, ila ukijua maji yanajaa saa ngapi siku zote ulizokaa zinajipanga zenyewe.

Iko hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ni ya bamvua, yanajaa sana na yanatoka sana, na pwani yetu siku hizo yanakupwa mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka, asubuhi saa nne ndo yamejaa na jioni yako chini, na hayo ni maji mafu, hayana makeke. Usihesabu kwa vidole kama hujazoea, muulize mvuvi yeyote au mtu wa hotelini atakwambia hapo hapo.

Kwa hiyo kama umefika kwenye bamvua, kuogelea ni jioni. Nenda Raskazone, bajaji kutoka mjini ni mwendo mfupi tu, kuna klabu ya kuogelea pale unalipa kiingilio mnakaa kivulini, mnaagiza chipsi, watoto wanaruka majini mpaka midomo inatetemeka. Wavalishe sendo au raba za zamani maana chini kuna mawe na vitu vyenye miba. Afu ukiwa pale wasimulie wale wakubwa wakubwa kwamba Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wao kutoka India upande huo huo wa Raskazone wauteke mji, wakapigwa na jeshi la Mjerumani ambalo lilikuwa dogo kuliko la kwao, na katikati ya mapigano nyuki wakachachamaa wakaanza kuuma watu. Mtoto wa miaka tisa hiyo ya nyuki hataisahau, hayo mengine atayasoma shule.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo ya bamvua, wakati maji yako mbali, ndo unaenda Mapango ya Amboni. Ni kama kilomita 8 kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro mpakani na Kenya, unakunja kuelekea kijiji cha Kiomoni. Unaweza kuchukua bajaji ila patana kwenda na kurudi na akusubiri, usije ukabaki pale unatafuta usafiri na mtoto mgongoni. Mapango yako kumi ila wageni wanaingizwa moja tu, na huingii bila muongozaji, ambaye ana tochi. Beba na ya kwako moja, mtoto akishika tochi yake mwenyewe uoga unapungua nusu. Ndani ni mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji miaka na miaka, sasa muongozaji anamulika ukutani anakwambia huyu mamba, hii ramani ya Afrika, na watoto kwenye hili ni wazuri kuliko sisi, wataona tembo na simba ambao hata muongozaji hajawahi kuwaona.

Kuna sehemu mnainama kweli kweli, kuna sehemu panateleza, na kuna popo. Mtoto chini ya miaka minne mi ningesema mmoja wenu abaki naye nje, kuna miti na kivuli, kuliko kubanana naye kwenye uwazi mwembamba huku analia na sauti inarudi mara tatu. Nguo ziwe zile ambazo hujali zikichafuka. Na mtaona sehemu watu wameacha chupa za marashi na vitu vingine vya kuombea, maana kuna wanaokuja kwa mizimu, waambie watoto mapema wasiguse na wasicheke. Kwa wale wa darasa la tano kwenda juu, muombe muongozaji awape habari za Osale Otango, mtu aliyesakwa na serikali enzi za mkoloni akawa anajificha humo.

Mchana wa Tanga usishindane nao, hasa kuanzia Disemba mpaka Machi, lile joto si la mchezo. Rudini mle mlale. Mtindi wa Tanga unapatikana kila duka na watoto wanaupenda ukiwa wa baridi. Jua likipoa kama hamuendi kuogelea basi bustani ya Jamhuri pale juu ya bandari, watoto wanakimbia, nyie mnaangalia meli na kisiwa cha Toten mbele yenu. Boma la Mjerumani nalo lipo karibu, ndani kuna makumbusho ya mji yenye picha za kale, sio pa kukaa sana, nusu saa inatosha kabla mdogo hajaanza kuuliza tunaondoka lini. Usiku viazi karai na mishikaki Ngamiani, ambako mitaa ina namba, barabara ya ngapi, hivo hata ukipotea hupotei.

Siku ya Pangani sasa ndo ile ambayo maji yanakuamulia kabisa. Kule kuna kisiwa cha Maziwe, zamani kilikuwa na miti, leo ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakitoka na kuzama yakijaa. Kwa hiyo unaenda bamvua, mnaondoka mapema na boti ili saa nne muwe mchangani, watoto wanachungulia samaki kwa miwani. Kabla hujalipa boti angalia laifu jaketi za size ya watoto zipo, sio uambiwe zipo, uzione na uwavalishe. Na kule hakuna hata kimti, beba mwavuli, kofia, maji mengi. Njiani kutoka Tanga, kilomita kama 17, simameni Tongoni muone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya mamia ya miaka iliyopita, ila watoto wasipande juu ya makaburi.

Kama bahari imewachosha, au ni kipindi cha maji mafu na hamna mzuka nayo, pandeni mlimani. Muheza ni chini ya saa moja kwa gari, kwenye msimu machungwa yamejaa barabarani, kutoka pale unaenda Magoroto kwenye ziwa dogo katikati ya msitu, au Amani kwenye hifadhi ya msitu. Amani kuna kijiji cha Fanusi wanafuga vipepeo, na mpaka serikali ilipozuia mwaka 2016 walikuwa wanawauza nje ya nchi wakiwa bado hawajatoka kwenye vifuko vyao, watoto wanaingia kwenye banda vipepeo wanawatua mabegani, hapo simu yako itajaa picha. Barabara ya Amani ni vumbi na kona, masika inateleza vibaya, kwa hiyo Machi mpaka Mei usiende na gari ndogo. Sweta muhimu, watu wa Dar mnalidharau hili afu mnakuja kuomba kanga.

Kwa mliotoka Mombasa, Horohoro hadi Tanga mjini ni lami na haifiki hata kilomita 70, ila watoto nao wawe na hati zao za kusafiria, usitegemee kwamba wataachwa wapite kwa sababu ni wadogo.