Namna ya Kuzuru Magofu ya Husuni Kubwa Ukitokea Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetamani kuliona jumba la kifalme la karne ya 14 hahitaji pasipoti, kwa kuwa Husuni Kubwa ipo Kilwa Kisiwani, mwendo wa kilomita 300 hivi kuelekea kusini. Panda basi la alfajiri Mbagala, uvuke Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na huko Nangurukuru ukate kushoto hadi Kilwa Masoko. Hapo ndipo unapopata kibali, mwongozaji na chombo cha kukuvusha. Mwulize nahodha mapema saa za maji kujaa na kupwa, kisha uipange siku yako kwa kuzifuata.

Jumba hili lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331, wakati biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilipokuwa imeutajirisha mji. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, juu ya jabali linalotazama bahari.

Ukishafika juu, nakusihi usikimbilie kupiga picha. Ingia katika chumba kimoja upime upana wake kwa hatua. Utaona kwamba ni chembamba mno kwa jumba la sultani, na sababu yake ni kwamba paa zito la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake hauruhusu nafasi kubwa kati ya ukuta na ukuta. Kisha tazama kuta zenyewe kwa karibu: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, ilhali sehemu za mapambo zilichongwa katika matumbawe yaliyotolewa baharini yakingali laini, yakakauka na kuwa magumu.

Birika la kuogea lenye pembe 8 ndilo kivutio mashuhuri, na linastahili sifa hiyo; lakini usiupite ua wa kusini, unaodhaniwa kuwa ulikuwa wa maghala na biashara.

Usipande juu ya kuta wala usiokote vigae, hata kipande kidogo, kwa sababu mahali kilipolala ndipo palipobeba habari zake. Magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Husuni Ndogo, gofu jingine, ipo jirani; Msikiti Mkuu utengee nusu siku yake.