Kuchoma dhahabu bila kuvuta zebaki

Mimi ni mwoshaji wa dhahabu mwaloni, yaani sehemu ya kuoshea, huku Geita. Duarani, kwenye shimo la kuchimbia, sishuki; mawe yananifikia yakishapita karasha, mashine ya kuyavunja, na kusagwa kwenye gololi, pipa linalozunguka lenye mipira ya chuma, yakawa unga. Haya namwandikia mama au kijana anayeanza kazi hii, aitoe dhahabu huku mapafu yake yakiwa salama.

Anza na maji. Tandika gunia la katani juu ya ubao ulioinama, kisha mwaga tope jembamba la unga huo taratibu. Dhahabu ina uzito wa zaidi ya mara saba ya jiwe jeupe la kwatzi la ujazo uleule, kwa hiyo inanasa kwenye nyuzi na mchanga unateremka. Maji yakikimbia sana, chenga ndogo zinaondoka nayo. Suuza gunia kwenye beseni, kilichobaki kioshe tena kwa karai mpaka ubaki mchanga mweusi kidogo tu. Hapa usiwe na haraka hata kama mwenye mawe amesimama kichwani kwako: kadiri mchanga unavyopungua, ndivyo zebaki, ile metali ya majimaji inayoshika dhahabu, utakayohitaji inavyopungua.

Zebaki iingie kwenye huo mchanga mweusi peke yake. Wanaoimwaga ndani ya gololi wanaipoteza kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliokwisha oshwa, na marudio hayo yakiuzwa kwa wenye matanki ya sayanaidi, kemikali ya sumu ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki, sumu mbili zinakutana. Vaa glovu za mpira, koroga, kamua kwa kitambaa kizito. Iliyochujika irudishe kwenye chupa, uifunike kwa maji. Mkononi unabaki na kidonge cheupe cha dhahabu na zebaki zilizoshikana.

Sasa kuchoma, na hapa ndipo watu wanapoumia. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357, dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064, ndiyo maana moto huzitenganisha. Ukichoma kwenye sahani wazi, mvuke hauonekani wala haunuki. Unapanda, unaganda kwenye bati, na mvua ikinyesha unashuka kwenye pipa la maji ya kunywa. Nimeona kidonge kikichomwa kwenye jiko lilelile la ugali, mama ana mtoto mgongoni. Jamani, hilo likome. Mvuke huo unaharibu ubongo, mikono inaanza kutetemeka, na kwa mjamzito unamfikia aliye tumboni.

Tumia ritoti: kikombe cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba linaloshuka. Nenda nje, mbali na nyumba, ukae upande upepo unakotokea. Bomba lizungushie kitambaa kibichi, mdomo wake uwe juu kidogo ya maji kwenye kopo. Usiuzamishe: moto ukipungua, bomba hunyonya maji na chombo kinaweza kupasuka. Matone yakikoma, ongeza muda kidogo, kisha acha kipoe kabisa. Ukifungua kikiwa cha moto, mvuke wote uliobaki unakuja usoni.

Wengi wanaikataa ritoti kwa kuwa hawaioni dhahabu yao ikiwa ndani, na kwamba inatoka na rangi ya kahawia. Hofu ya kuibiwa naielewa. Pimeni kidonge mbele ya mwenye mawe, mkae naye mpaka kifuniko kifunguliwe. Hiyo rangi huondoka dhahabu ikiyeyushwa kwa boraksi, unga mweupe wa kuisafisha, na kazi hiyo ifanyike nje vilevile, maana zebaki kidogo huwa imebaki. Ile iliyodondokea kwenye kopo chuja, uihifadhi kwenye chupa yako kwa karai linalofuata.